Tumbo ni Mahali

Alikuwa ananawa kwanza, ndipo anasalimu. Watu wa bonde letu walimchukia kwa hilo, na mimi niliwatangulia kumchukia, kwa sababu ndimi niliyempokea siku ya kwanza alipokuja kuona nguruwe huku nyuma ya bandari ya Port Bell. Nilimnyooshea mkono, akaupita. Akaenda kwenye dumu la maji, akainama, akachota udongo, akausugua kwenye viganja na kwenye viatu vyake vya mpira, akamwaga maji, akasugua tena, akamwaga tena, hata zikatimia mara saba, na mimi bado nimesimama na mkono wangu hewani. Alipomaliza ndipo akageuka na kusema, "Habari ya nyumba, mama?"

Nilimjibu kwa mkato. Mtu akikufikia nyumbani na kujiosha kabla hajakugusa, na wewe ni mkimbizi uliyetoka Kivu na mabegi mawili, huwezi kudhani ni mambo ya afya ya mifugo. Unadhani ananawa uchafu wako.

Sote tulimwita Musawo, neno ambalo Waganda humwitia mtu wa dawa, wa watu au wa wanyama. Alikuwa Mnubi, Mwislamu wa swala tano, na kazi yake ilikuwa nguruwe. Wengi walidhani ni mzaha hadi walipomwona amepiga magoti kwenye kinyesi cha mnyama ambaye dini yake inamkataza hata kumgusa bila kujitwaharisha. Akitoka bandani alinawa mara saba kwa ajili ya Mungu, moja kwa udongo. Akiingia alinawa vilevile kwa ajili ya nguruwe, asije akawaletea ugonjwa wa banda alikotoka. Ilinichukua muda mrefu kutofautisha unawaji huu na ule. Nilipotofautisha nilimsamehe, lakini majirani wengi hawakufika huko.

Ukoo wake siujui. Katika mji huu, baada ya vita vilivyomng'oa rais aliyewapendelea Wanubi, watu wa kabila lake walijifunza kutolijibu swali la unatoka wapi, na yeye alijifunza vizuri kuliko wengi. Ukimuuliza kwao ni wapi, anakuuliza nguruwe wako amekula nini. Siku moja tu alinijibu, nilipomuuliza ilikuwaje Mwislamu akaangukia nguruwe. Alikuwa anampima jike wangu joto, hakuniangalia.

"Tulipomaliza masomo, ng'ombe walikuwa na wenyewe," alisema. "Kuku pia. Nguruwe walibaki. Mimi pia nilibaki."

Nilicheka, yeye hakucheka. Baadaye nilisikia kwamba kwenye harusi za kwao walimkalisha mkeka wa mwisho, karibu na viatu, na mkewe alipokuwa hai alimvulisha nguo uani kabla hajaingia ndani. Hakulalamika. Alisema mkewe alikuwa na haki, harufu ya nguruwe dume haitoki.

Alikuwa na maneno yake, na lililo kubwa kuliko yote lilikuwa hili la tumbo. Sisi wafugaji tukimpigia simu huwa tuna jibu moja. Nguruwe anahara, ni tumbo. Ametapika, ni tumbo. Amelala hali, ni tumbo tu, Musawo, tuletee dawa ya tumbo. Hapo mzee huyu mpole alikuwa anawaka. "Hapana sema tumbo," alikuwa ananiambia kwa Kiswahili chake cha kambini. "Tumbo si ugonjwa. Tumbo ni mahali. Wewe naniambia mwizi yuko soko ya Owino. Owino iko watu wangapi? Niambie jina lake." Kisha anaanza kuuliza: mavi yana rangi gani, wanaohara ni wakubwa au wanaonyonya, yameanza banda lipi, nani aliingia jana. Ulitoka umechoka kuliko mtu aliyehojiwa polisi. Na akimaliza anafunga na methali ileile, mficha maradhi kifo humuumbua, kana kwamba sisi tulikuwa tumeficha kitu.

Neno lake lilikuwa na maana, sikatai. Lakini alikuwa na ukali wa kupenda kuwa sahihi, na ukali huo haukumpa marafiki. Nnalongo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa mapacha, alikuwa akimwona anakuja anajifungia jikoni. "Huyo mzee wako iko na maswali ya korti," aliniambia. Mtu huyohuyo aliyewatoa watu jasho kwa maswali, nilimwona akikichukua kitoto cha nguruwe kilichopoa, akifungua vifungo vya koti na kukiweka kifuani, kwenye ngozi, na kukaa nacho hivyo asubuhi nzima akikipulizia puani. Kilipokufa alikishika kidogo zaidi kabla ya kunirudishia. Akaenda kwenye dumu lake kuchota udongo.

Mimi pia sikumwona mtakatifu. Aliazima miavuli hakurudisha. Mwavuli wangu wa bluu, wenye mpini wa mbao, aliondoka nao siku ya mvua, na kila nikimkumbusha anasema, "Uko salama, mama," akageuza mazungumzo. Ukimwita asubuhi anafika alasiri. Umri wake alikuwa anaupunguza bila haya, mzee wa kusisitiza ukweli.

Kitu cha pili alichopigana nacho ni magunia. Wafugaji wa huku tunaishi kwa machicha, yale makapi ya nafaka yanayobaki kiwandani wakishakamua bia. Lori linayaleta katika magunia, unamwaga, unarudisha gunia tupu, na kesho gunia hilohilo linakwenda kwa mwingine likiwa na mavi ya banda lako. "Gunia lina miguu," alikuwa anasema. Alinifundisha kumwaga machicha nje ya banda, gunia lisivuke mlango, na kuliloweka kwenye maji ya jiki, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya kulirudisha. Majirani walinicheka kwamba nafua magunia kama mashuka ya bwana harusi. Nilikubali kuchekwa. Nguruwe wale ndio waliolipa kodi ya nyumba, na ndio waliomsomesha binti yangu Neema uuguzi. Wakifa, Neema anarudi nyumbani kukaanga chapati nami barabarani. Sikuwa na hesabu nyingine.

Ugonjwa ulikuja wakati watu hawajamaliza kuogopa korona. Shule zilikuwa zimefunguliwa, lakini barakoa zilikuwa bado zinaning'inia shingoni. Vitoto vya Nnalongo vilianza kutapika maziwa, kisha kuhara maji ya njano, na vilivyokuwa vinanyonya vikakauka vikafa vyote. Wakubwa waliharisha siku chache wakapona. Kisha ukaruka ukuta ukaingia kwangu. Magunia yangu yalikuwa safi, lakini panya na kuku hawafui miguu.

"Musawo, batoto ya nguruwe banakwisha," nilimwambia kwa simu. "Banahara yote." Sikuthubutu kusema tumbo.

Alifika asubuhi ileile, na hapo nilijua ni makubwa. Alinawa, akaingia, akachuchumaa bandani. Miaka michache nyuma tulikuwa tumepatwa na kuharisha kama huko, ila kwepesi, na alikuwa ametuahidi kwamba majike waliougua wakati ule watawakinga watoto wao kwa dang'a, yale maziwa ya kwanza. Sasa watoto wa majike haohao ndio waliolala mstari, bado wana dang'a midomoni. Alichota mavi akayatia kwenye vichupa, akavipeleka kwa kijana aliyemfundisha zamani, ambaye sasa anafanya kazi kwenye maabara moja ya kusoma vinasaba. Alipoondoka nilimwona amesahau kuninong'onezea methali yake.

Majibu yalipotoka alipita kwangu kwanza. Alisema ni kirusi cha nguruwe, kinaharisha, hakimshiki mtu, na kwa ukoo ni ndugu wa mbali wa korona. Kijana wa maabara alikuwa amemsihi. Mwalimu, alimwambia, kule bondeni waambie ni kuhara kwa nguruwe, inatosha, hilo neno lingine liache hapa.

"Na wewe utasema nini?" nilimuuliza.

"Nitasema jina lake."

"Hata kama watu banaogopa?"

"Mama Neema, mimi nimegombana na nyinyi maisha yangu yote kwa sababu ya jina. Leo ninalo, nilifiche?"

Tulikusanyika kwenye kiwanja cha kanisa letu la mabati. Alisimama mbele na koti lake, akaongea Kiganda, kisha Kiswahili, polepole, kama mwalimu wa darasa la watu wazima. Alisema, "Ugonjwa huu ni korona, lakini ni korona ya nguruwe. Haimshiki mtu. Nyama haina neno. Msiuze, msihamishe mnyama, fungeni mabanda hadi nitakapowaambia." Yote hayo aliyasema, nilikuwepo. Lakini watu waliondoka na nusu ya sentensi. Alipokuwa anafika kwenye nyama haina neno, viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

"Kolona?" Nnalongo aliniuliza njiani. "Kolona iko kwa mbizzi?"

"Si ile yetu, Nnalongo. Ni ya nguruwe tu. Amesema haitushiki."

"Hata ile ingine walisema iko China tu." Alisimama, akaikunja barakoa yake mkononi. "Mama Neema, mimi nilizika mume wangu na kolona. Walileta yeye kwa plastiki. Hawakuacha mimi naosha yeye, hata uso. Sasa nalala na hiyo kitu nyuma ya nyumba, na watoto? Nedda, hapana. Mimi nauza yote."

Ningekuwa yeye, labda ningeuza mbele yake. Kesho yake, tangu kunapambazuka, bodaboda zilipanda kutoka bondeni na nguruwe wamefungwa kwa nyuma, miguu juu, wanapiga kelele. Wachuuzi walisikia kuna bei ya kutupa wakaja kutoka pande zote. Wakubwa walikuwa wameshapona kwa macho, wanene, wazuri, lakini kirusi bado kimo kwenye mavi yao. Wachache walikwenda machinjioni. Wengi walinunuliwa wafugwe, maana nani anachinja jike mzima aliyempata kwa bei ya jogoo? Musawo alisimama njia panda kwenye lami akinyanyua mikono kuzisimamisha pikipiki. Zilimpita kulia na kushoto. Mmoja alimwambia, "Ssebo, mzee, toka barabara, utagongwa."

Mimi sikuuza. Si ujasiri, ni kwamba nilimwamini yule mzee kuliko nilivyowaamini majirani, na sikuwa na mahali pengine pa kuanzia. Akanipa kazi ambayo hadi leo nikiikumbuka nageuza uso. Aliniambia nichukue utumbo wa vitoto vilivyokufa, niukatekate, niuchanganye na machicha, niwape majike wenye mimba ambao bado walikuwa na wiki za kungoja. Waugue sasa, dang'a yao ikae tayari kwa adui huyu, siyo yule wa zamani. Nilifanya. Neema alikataa kula chakula changu siku nyingi. Habari ilitoka nje, na ikawa kwamba yule Mwislamu anawalisha nguruwe watoto wao, na mama Mkongomani anamshikia sahani.

Vitoto vilivyozaliwa baadaye kwangu viliishi. Vya mji mzima vilikuwa vinakufa.

Siku aliyonieleza habari ya koo za virusi nilikuwa nachagua maharage uani. Alikuja hakuitwa. Alinawa, akaketi kwenye kigoda, akavuta ungo wangu kwake. Kijana wa maabara alikuwa amesoma tena vichupa, vya Kamwokya, vya Mukono, vya barabara ya Entebbe.

"Waganda wana koo," alisema. "Kuna wa tumbili, kuna wa senene. Ukiwaona barabarani ni watu haohao. Lakini wenyewe wanajuana. Hivi virusi pia. Kikizaa kinakosea, herufi moja, mbili. Mtoto narithi kosa, mjukuu narithi kosa. Wewe nafuata makosa, nafika kwa babu."

Alitenga maharage ya madoadoa upande mmoja. Huo, alisema, ni ukoo wa zamani, ule mwepesi, ule ambao majike wako waliujua. Kisha akaanza kupanga maharage mekundu, moja likitoka kwa lingine, akilitaja kila moja mahali pake, Kamwokya, Mukono, Entebbe, yakisogea yakikutana, hadi likabaki jekundu moja mbele ya goti langu. Maziwa ya majike yalijua madoadoa. Mwekundu alipobisha hodi, hayakumtambua.

"Na huyu babu?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Anakaa hapa. Bonde hili." Alilitazama lile harage. "Alikuwa hapa tu, mama. Angekaa hapa akafa hapa. Mimi nimempandisha pikipiki."

Nilimwambia si yeye, ni woga wa watu, ni wachuuzi, ni plastiki waliyomfungia mume wa Nnalongo. Nilimwambia alisema kweli. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akanisaidia kuyachanganya maharage tena, yote, mekundu na ya madoadoa, na nikayapika jioni ile kwa sababu hatukuwa na mengine.

Tangu hapo alibadilika, na nilikasirika naye kwa hilo kuliko nilivyowahi kukasirika kwa mikono na miavuli. Aliendelea kuja, alinawa, alitibu. Lakini mfugaji akimwambia ni tumbo tu, Musawo, alikuwa anaitikia, "Ndiyo," na kufungua mkoba wake. Nilimsikia kwa masikio yangu nyumbani kwa mtu, nikataka kumtikisa mabega. Huko nje walikuwa wanasema yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa, na ushahidi wao ulikuwa ule unawaji. Walisema kama hakujua ana kitu mikononi, alikuwa anaosha nini? Kulikuwa na mtu mmoja tu mjini aliyekuwa hachukui ugonjwa wa banda hili kuupeleka lile, na huyo ndiye waliyemtaja. Simu zake zikapungua, na mwishowe hakuja tena.

Neema alimaliza uuguzi. Alivaa sare yake nyeupe, tukapiga picha mbele ya banda kwa sababu mimi nilitaka iwe pale. Nilimpigia Musawo aje ale nasi, nimemwandalia kuku, nimemwita shekhe wa jirani achinje kwa halali. Simu iliita hadi ikakatika.

Mwaka jana nilisikia anaumwa. Nilikwenda Kamwokya moja kwa moja kutoka bandani, sikubadili hata viatu, nikauliza hadi nikaonyeshwa chumba chake nyuma ya studio ambako vijana wanarekodi muziki na ukuta unatetemeka mchana kutwa. Mlangoni palikuwa na dumu. Nilisimama nikaona aibu ya viatu vyangu, nikainama, nikachota udongo, nikasugua, nikamwaga. Sikuhesabu. Nilipotaka kuvua viatu niingie, sauti ilitoka ndani, nyembamba.

"Bado moja."

Nilicheka peke yangu pale nje huku machozi yananitoka, nikaosha ile moja.

Alikuwa amelala kwenye godoro karibu na ukuta. Mikono imekuwa vijiti, macho ya njano, na chini ya blanketi tumbo limeinuka kama la mja mzito. Nyuma ya mlango niliuona mwavuli wangu wa bluu, mpini wa mbao, umening'inizwa vizuri. Binti yake aliniwekea kigoda, akatuacha.

"Musawo, ni nini?" nilimuuliza.

"Tumbo tu, mama."

Nilidhani ananitania, nikangoja ajikosoe, anikaripie kwa kuuliza vibaya, aniulize lilianza lini na ni rangi gani. Alifumba macho tu. Studio ilikuwa inarudia kipande kilekile cha wimbo, wanakosea, wanarudia.

"Tumbo ni mahali," nilimwambia. "Ni wewe ulinifundisha."

Akafumbua macho. "Jina lake ninalo. Wamenipa hospitali." Alipumzika kidogo. "Huyu mtoto ana kiwanja kidogo, mama yake alimwachia. Hana kingine. Nikisema jina, kesho asubuhi kimeuzwa kunitibu, na dawa yenyewe haipo. Mimi nimeona watu wakiuza."

Nilitamani kumwambia kwamba safari hii sentensi ingefika mwisho, kwamba binti angesikiliza yote, lakini sikuwa na hakika, na yeye alikuwa amesimama njia panda ile, mimi sikusimama. Nilikaa hadi studio ikanyamaza. Nilipoinuka aliutoa mkono wake nje ya blanketi akaninyooshea. Niliushika, ulikuwa mkavu na wa moto. Hakuna aliyenawa.

"Chukua mwavuli wako," alisema. Niliuacha.

Binti alinisindikiza hadi barabarani. Ni msichana mkimya, ana macho ya baba yake, ya kuuliza. Alinishika kiwiko kabla sijavuka.

"Mama, mimi hajaniambia kitu. Wewe amekuambia ni nini?"

Nilimtazama. Bodaboda zilikuwa zinapita kulia na kushoto.

"Ni tumbo tu, mwanangu," nilisema.